Wimbo Usio na Mwenyewe: Tuzo za Albamu za Muziki wa Kiasili na Suala la Utunzi katika Nyimbo za Kiswahili, 1966–2024

Ikisiri

Makala hii inafuatilia namna majina ya vipengele vya tuzo za kimataifa za muziki yalivyoathiri utambuzi wa utunzi katika nyimbo za Kiswahili tangu mwaka 1966. Mifano mitatu inachunguzwa: wimbo "Malaika", tuzo ya WOMEX aliyopewa Bi Kidude, na wimbo "Baba Yetu". Makala inadai kuwa kilichoamua kipengele cha wimbo hakikuwa lugha yake wala umri wa matini yake, bali kama kulikuwa na mtu aliyekubalika kuitwa mtunzi.

"Malaika" mwaka 1966

Katika tuzo za Grammy za mwaka 1966, kipengele cha rekodi bora ya muziki wa folk kilikwenda kwa An Evening with Belafonte/Makeba, albamu iliyotolewa na kampuni ya RCA Victor mwaka uliotangulia. Historia ya muziki wa Afrika hulikumbuka tukio hilo kwa sababu lilimfanya Miriam Makeba kuwa mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kutwaa tuzo hiyo. Kwa wanafunzi wa Kiswahili lina uzito mwingine, ambao haujajadiliwa vya kutosha. Miongoni mwa nyimbo za albamu hiyo, nyingi zikiwa za lugha za Afrika Kusini, ulikuwamo "Malaika". Hivyo wimbo wa Kiswahili ulikuwa sehemu ya albamu iliyotuzwa Marekani miaka michache tu baada ya uhuru wa nchi za Afrika Mashariki, nao ulituzwa ukiwa chini ya jina la 'folk'.

Jina hilo halikuwa tupu. Dhana ya wimbo wa umma ilipata umbo lake la kisasa Ujerumani katika miaka ya 1770, pale Johann Gottfried Herder alipobuni neno Volkslied na kukusanya nyimbo alizoziona kuwa sauti ya taifa zima na si ya mtu mmoja. Mwaka 1846 Mwingereza William Thoms akabuni neno folklore. Tangu hapo, kuuita wimbo 'folk' kumekuwa ni kusema mambo mawili kwa pamoja: kwamba ni wa zamani, na kwamba hauna mwenyewe. Marekani ya miaka ya 1960 ilikwisha kulilegeza neno hilo kwa waimbaji wake, kwani wengi wa vijana waliopiga gitaa katika kumbi za New York walikuwa wakiimba tungo zao wenyewe na majina yao yakiandikwa bila shida. Nyimbo zilizotoka mbali zaidi hazikunufaika na ulegevu huo. Kwao maana ya Herder ilibaki vilevile.

"Malaika" hauna sifa hata moja kati ya hizo mbili. Ni wimbo wa mjini, wa karne ya 20, wa gitaa. Mzungumzaji wake ni kijana anayetaka kuoa lakini hana mali, na mahari anayoiwazia imekwisha kuwa suala la fedha. Hilo ni tatizo la kijana wa kibarua na mshahara. Jina lenyewe linaonyesha jinsi Kiswahili kinavyofanya kazi. Neno malaika katika Kiarabu ni umbo la wingi, lakini Kiswahili kimelichukua kuwa la umoja na wingi kwa pamoja na kulipa upatanisho wa viumbe vyenye uhai, kisha lugha ya mapenzi ikalishusha kutoka mbinguni na kulifanya jina la kumwitia mpenzi. Huu si utungo uliookotwa njiani.

Tena, una watu wanaoudai. Fadhili William, mwanamuziki wa Kenya, aliurekodi akiwa na kundi la Jambo Boys na maisha yake yote alishikilia kuwa ni wake, hadi alipofariki mwaka 2001. Adam Salim naye alidai kuwa aliutunga katika miaka ya 1940. Wapo na wengine waliotajwa. Makala hii haikusudii kuamua mgogoro huo, na pengine hauamuliki tena. Jambo linalohusika hapa ni dogo lakini zito: wimbo unaogombaniwa na watunzi zaidi ya mmoja ni kinyume kabisa cha wimbo usio na mtunzi. Watu hawagombanii wasichoamini kuwa kina mwenyewe. Kipengele cha 'folk' hakikuwa na nafasi ya kuonyesha ugomvi huo, kwa kuwa kwa mujibu wa jina lake ugomvi kama huo haungeweza kuwapo.

Wala "Malaika" haukuwa peke yake katika albamu ile. Ndani yake kuna pia wimbo wa Kixhosa wa kumwonya Verwoerd, uliotungwa na Vuyisile Mini, mwanachama wa chama cha wafanyakazi na mpigania uhuru aliyenyongwa na serikali ya makaburu mwezi Novemba 1964. Mtunzi alikuwa na jina, kesi na kaburi, na wimbo wake ukaingia katika fungu lilelile.

Mtunzi anayejitaja

Ili kuona ukubwa wa kinachopotea, ni lazima kukumbuka nafasi ya mtunzi katika mapokeo ya ushairi wa Kiswahili. Mapokeo hayo hayakungoja sheria za hakimiliki ili kumjua mwenye utungo. Mwana Kupona binti Mshamu, katika utenzi aliomtungia bintiye mwaka 1858, anafunga kwa kutaja idadi ya beti zake na mwaka wa kutunga. Desturi ya kujitaja katika kaditama, kwa jina au kwa fumbo la jina, imeendelea katika mashairi hadi magazetini. Hata malumbano, ambayo ni uhai wa ushairi wa pwani tangu enzi za Muyaka bin Haji wa Mombasa, hayawezekani pasipo kujua nani amemjibu nani.

Taarab ilirithi utaratibu huu na kuuongezea mgawanyo wa kazi. Kwa kawaida kuna mtu aliyeyatunga maneno, mwingine aliyeyatia muziki, na mwingine anayeyaimba. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice, hakwenda peke yake. Wenzake kama Mwalimu Shaaban na Mbaruk Talsam walikuwa na sehemu yao katika tungo na katika ala. Ni kweli kwamba nyimbo nyingi za taarab husikika bila mtunzi kutajwa, hasa zile za mipasho. Lakini kutotajwa huko mara nyingi ni mbinu. Mwenye kumpasha jirani yake ana sababu njema ya kulificha jina, na wasikilizaji kwa upande wao hutumia muda mwingi kulitafuta. Ufiche wa aina hii unatofautiana na ule wa Herder kama vile barua isiyosainiwa inavyotofautiana na methali.

Nadharia ya fasihi simulizi nchini Tanzania kwa sehemu fulani imelitambua tatizo hili. Mulokozi, katika makala yake ya uainishaji wa tanzu iliyochapishwa katika jarida la Mulika mwaka 1989, aliweka mkazo kwenye umbile la kazi na muktadha wa uwasilishaji wake, na siyo kwenye ukale au kukosekana kwa mtunzi. Hata hivyo vitabu vya shule, na baadhi ya tasnifu za vyuo vikuu, bado hurudia kuwa fasihi simulizi ni mali ya jamii nzima na haina mtunzi maalumu. Sentensi hiyo ni tafsiri ya Herder, ingawa wengi wanaoiandika hawajui kuwa wanamtafsiri.

Kutoka 'folk' hadi 'dunia'

Vipengele vya Grammy viligawanywa na kuunganishwa mara kadhaa baada ya 1966. Mwaka 1971 kilitolewa kwa mara ya kwanza kipengele cha rekodi ya 'kikabila au ya jadi'. Katikati ya miaka ya 1980 folk ikagawanywa kuwa ya jadi na ya kisasa, na mwaka 1988 kile cha folk ya jadi kikaenda kwa Shaka Zulu ya Ladysmith Black Mambazo. Joseph Shabalala, kiongozi wa kundi hilo na mtunzi mkuu wa nyimbo zake, alikuwa hai, alikuwa jukwaani, na alikuwa akiendelea kutunga. Kwa maana ya kawaida ya maneno, ni vigumu kuelewa 'jadi' hapa ilimaanisha nini zaidi ya lugha ya Kizulu na kuimba bila ala.

Wakati huohuo, mwaka 1987, wawakilishi wa kampuni ndogo za santuri walikutana katika baa moja ya London wakakubaliana kutumia jina 'world music' ili maduka yapate rafu ya kuwekea santuri zisizo na mahali. Nia yao ilikuwa ya kibiashara na waliikiri wazi. Miongoni mwa kampuni za mkondo huo ilikuwamo GlobeStyle, ambayo mwishoni mwa miaka ya 1980 ilitoa mfululizo wa santuri za taarab ya Zanzibar. Faida ya rafu hiyo haikatiliki: wasikilizaji wa Ulaya waliipata taarab kwa njia hiyo, na rekodi zenyewe ni hazina kwa mtafiti wa leo. Mwaka 1992 Grammy ikafuata kwa kipengele cha albamu bora ya muziki wa dunia, na mshindi wake wa kwanza akawa Mickey Hart, mpiga ngoma wa Marekani, kwa albamu Planet Drum. Kuanzia 2004 kipengele kiligawanywa kuwa cha jadi na cha kisasa, na mwaka 2012 vikaunganishwa tena.

Upo muundo mmoja usiobadilika chini ya mabadiliko hayo yote. Tuzo za vipengele hivi zililenga rekodi, na heshima yake ilimwendea msanii pamoja na waliotayarisha rekodi hiyo. Mtunzi wa maneno, asipokuwa mmoja wa hao, hakuhesabiwa. Grammy inacho kipengele cha mtunzi, kile cha wimbo wa mwaka, na kimekuwapo tangu tuzo za kwanza za 1959. Ila ni vigumu kufikiri kwamba wapiga kura wake wangepima utunzi wa shairi ambalo hawalielewi. Matokeo yake, utungo wa Kiswahili huingia katika mfumo huu ukiwa sauti tu.

Uzoefu wa Hawaii unathibitisha kuwa hili si tatizo la Waswahili peke yao. Mwaka 2005 Grammy ilianzisha kipengele cha albamu ya muziki wa Hawaii, na cha kwanza kikatolewa kwa Slack Key Guitar, Volume 2, mkusanyo wa gitaa tupu, bila neno hata moja la Kihawaii. Kwa watu waliokuwa wamepigania lugha yao isife, ilikuwa ajabu kwamba tuzo ya muziki wao iliweza kutolewa bila lugha hiyo kusikika. Kipengele hicho kilifutwa mwaka 2011 na kuingizwa katika kipya cha muziki wa asili ya kanda, pamoja na ule wa Louisiana, polka, na wa wenyeji asilia wa Marekani. Ndani ya fungu hilo la mchanganyiko ndimo albamu E Walea ya Kalani Pe'a, iliyoimbwa kwa Kihawaii, iliposhinda mwaka 2017.

Newcastle, 2005

Mwaka 2005, katika maonyesho ya WOMEX yaliyofanyika Newcastle, Fatuma binti Baraka, maarufu kwa jina la Bi Kidude, alipewa tuzo ya WOMEX. Tofauti na Grammy, tuzo hii humpa mtu heshima kwa mchango wake wote na haifungwi na albamu moja. Kwa kiasi hicho ilimfaa, kwani umaarufu wa Bi Kidude haukutegemea studio. Hadi alipofariki mwezi Aprili 2013 alikuwa amekwisha kuwa, machoni pa wageni, sura ya Zanzibar yenyewe.

Lakini tazama alichokuwa akiimba. Upande mmoja alikuwa mwimbaji wa taarab aliyeendeleza nyimbo nyingi za hazina ya Siti binti Saad, yaani tungo zenye watunzi, bahari, vina, na historia ya kurekodiwa. Upande wa pili alikuwa mwalimu wa unyago, na nyimbo za unyago kwa hakika ni za jamii: hupokewa ndani ya jando la wanawake, hufungwa na miiko, na hakuna anayedai kuzitunga. Ndani ya mtu mmoja kulikuwa na tawala mbili za umiliki wa maneno. Mwenye kuingia unyagoni alijua anachoruhusiwa kukisema nje. Mwenye kwenda tarabuni alijua kuuliza wimbo ni wa nani. Sifa zilizoandikwa Ulaya juu yake, zikisisitiza umri wake, sigara zake na ngoma yake, zilizichanganya tawala hizo na kuzifanya mapokeo mamoja ya kale. Kuchanganya huko kulikuwa na madhara pande zote mbili: utungo wa taarab ulipoteza mtunzi wake, na wimbo wa unyago ukapoteza mipaka yake.

"Baba Yetu" na kipengele kingine

Mwaka huohuo wa 2005 ulitoka mchezo wa kompyuta uitwao Civilization IV, na wimbo wake wa ufunguzi ulikuwa "Baba Yetu", Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Muziki ulitungwa na Christopher Tin, mtunzi wa Marekani, na uliimbwa kwanza na Talisman, kwaya ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford. Baadaye Tin aliurekodi upya kwa albamu Calling All Dawns, safari hii ukiimbwa na Soweto Gospel Choir. Mwaka 2011 ulishinda Grammy ya upangaji bora wa muziki wa ala unaosindikiza waimbaji, ukawa utungo wa kwanza wa mchezo wa kompyuta kupata tuzo hiyo, na albamu nzima ikashinda katika kipengele cha muziki wa klasiki unaovuka mipaka.

Tuseme wazi maana yake. Soweto Gospel Choir ilikuwa imeshinda Grammy mbili, 2007 na 2008, zote katika kipengele cha muziki wa dunia wa jadi. Mwaka 2011 kwaya ileile, ikiimba kwa Kiswahili, lugha ambayo si ya kwaya hiyo, ilisikika katika wimbo ulioshinda nje kabisa ya kipengele hicho. Lugha ya maneno ilikuwa ya Kiafrika, koo zilizoimba zilikuwa za Kiafrika, na matini yenyewe ina umri wa kutosha kuitwa ya jadi kuliko "Malaika" kwa kipimo chochote. Kilichobadilika ni kwamba safari hii palikuwa na mtunzi mwenye jina, aliyesomea utunzi, na ambaye kazi yake ilikuwa katika nota. Hapo ndipo hoja ya makala hii inapojipima vizuri zaidi, kwa kuwa vigezo vingine karibu vyote vimeshikiliwa sawa. Laiti lugha ingekuwa ndiyo kigezo, "Baba Yetu" ungekaa rafu moja na "Malaika".

Hata hapo, hata hivyo, upo mtu aliyesahaulika. Maneno ya Sala ya Bwana kwa Kiswahili hayakushuka kutoka mbinguni yakiwa na upatanisho wa ngeli. Yametafsiriwa, yakajadiliwa na kurekebishwa na vizazi vya watafsiri na wasaidizi wao wa pwani. Mapambo ya muziki yamepata tuzo. Ufundi wa tafsiri uliobeba mapambo hayo haukuwa na kipengele.

Asili, jadi na vionjo

Mwezi Novemba 2020 taasisi inayotoa Grammy ilibadilisha jina la kipengele cha muziki wa dunia, ikikiita cha muziki wa kilimwengu kwa neno 'global', na ikaeleza kuwa inataka kujitenga na maana za kikoloni, za 'folk' na za 'kisicho cha Kimarekani' zilizofungamana na jina la zamani. Ukiri huo ni wa maana. Ila tofauti ya maneno hayo mawili haitafsiriki kwa urahisi: magazeti ya Kiswahili yanaweza kuandika 'muziki wa dunia' kabla ya mabadiliko na baada yake, na msomaji asihisi kuwa kuna kilichotokea.

Kiswahili chenyewe kina msamiati wake wa kuainisha, na hauko huru na tatizo hilihili. Asili limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mzizi. Jadi, na neno lenye maana ya babu. Kienyeji linatoka katika mwenyeji, na lina bahati ya ajabu: sokoni, kuku wa kienyeji ana bei kuliko wa kisasa, ilhali muziki ukiitwa wa kienyeji hushuka thamani papo hapo. Katika Tuzo za Muziki Tanzania, zilizozoeleka kwa jina la Kili Music Awards, kulikuwa na kipengele cha taarab peke yake, na kingine cha wimbo wenye vionjo vya asili. Neno vionjo linastahili kuangaliwa. Kionjo ni kiasi kidogo cha kuonja. Kwa jina hilo wimbo haukutakiwa kuwa wa asili. Ulitakiwa kuwa wa kisasa, wenye ladha ya asili. Mrisho Mpoto, anayejulikana zaidi kwa kipengele hicho, ni mghani anayetunga maneno yake kwa uangalifu mkubwa na kuyasema kwa jina lake. Yaonekana waliotunga jina la kipengele hicho walilielewa jambo ambalo Grammy ya 1966 haikulielewa: kwamba asili inaweza kuwa chaguo la mtunzi aliye hai. Kutenga taarab nako kulikuwa ni kuitambua kuwa utanzu wenye kanuni zake.

Upande wa sheria, tofauti kati ya utungo wa mtu na utungo wa jamii ina matokeo ya fedha. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda kazi za watunzi na, mahali tofauti, inalinda semi na sanaa za jadi. Kenya ilitunga sheria mahususi ya maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni mwaka 2016. Sheria zote mbili zinamtaka mtu ajue kwanza wimbo uko upande gani. Neno moja kwenye jalada la albamu, 'jadi', linaweza kumhamisha mtunzi kutoka upande mmoja hadi mwingine bila yeye kuulizwa, na jalada lililopata tuzo husomwa na kunukuliwa kuliko lisilopata.

Mwaka 2024 Grammy ilitoa kwa mara ya kwanza kipengele cha uimbaji bora wa muziki wa Kiafrika, kilichokwenda kwa Tyla wa Afrika Kusini kwa wimbo "Water". Katika maelezo ya kipengele hicho zimetajwa aina za muziki zinazostahiki, na humo, pamoja na amapiano na highlife, imo bongo fleva ya Tanzania na genge ya Kenya. Majina mawili ya muziki unaotungwa kwa Kiswahili yameingia katika maelezo ya Grammy, na yote mawili ni ya muziki ambao hakuna anayebisha kuwa una watunzi. Taarab haimo katika orodha hiyo.